Kuvuka Mpaka kwa Jina la Kontrakta: Hesabu Kabla ya Kutia Sahihi



Siku hizi neno "kontrakta" linasikika sana katika viwanda na mashamba yetu. Zamani kontrakta alikuwa mtu mwenye lori lake, vyombo vyake na vibarua wake. Alikuja kujenga stoo au kuchimba mtaro, akalipwa, akaenda zake. Leo mfanyakazi wa kawaida, mwenye spana za kampuni mkononi na ovaroli ya kampuni mwilini, anaambiwa kwamba naye ni kontrakta. Jambo hili hutokea zaidi pale kampuni inapotaka kumpeleka mtu kufanya kazi nchi jirani, au pale mtu mwenyewe anapohama na kampuni haitaki kumpoteza.

Katika ukurasa huu wa Nchi Jirani tumezoea kueleza habari za wenzetu wa Tanzania na Uganda. Mara hii tunaeleza habari za mfanyakazi wa Kenya anayevuka kwenda kwao. Hatuandiki ili kumzuia mtu kusafiri. Kila mmoja wetu ana haki ya kutafuta riziki mahali inapopatikana. Tunaandika ili anayevuka ajue anaacha nini nyuma, na ajue namna ya kuvuka bila kukiacha.

MAMBO YANAVYOFANYIKA

Meneja humwita fundi ofisini. Humwambia kampuni imepata kazi ya kufunga mitambo Mwanza, au imefungua kiwanda kidogo Jinja, na inamhitaji yeye kwa sababu anaijua kazi. Kisha humwambia kwamba kule kampuni haijaandikishwa, kwa hiyo haiwezi kumweka katika orodha ya mishahara. Basi fundi aandike barua ya kuacha kazi, atie sahihi mkataba wa kontrakta wa kujitegemea, na kila mwisho wa mwezi alete ankara. Malipo yataongezwa.

Fundi husikia neno moja tu katika hayo yote, nalo ni kwamba malipo yataongezwa. Hatumlaumu, maana karo za shule na bei ya unga tunazijua sote. Lakini lazima ajiulize kwa nini kampuni iliyokataa kuongeza mshahara miaka yote sasa inaongeza kwa hiari yake. Jibu ni kwamba kampuni inajiondolea mizigo. Kwa kontrakta hailipi mchango wa uzeeni, haimwekei bima ya ajali kazini, haimpi likizo ya malipo, haimpi ovataimu, na haifungwi na mapatano yaliyotiwa sahihi kati yake na chama. Mizigo hiyo haipotei. Inahamia mgongoni mwa fundi.

BARUA YA KUACHA KAZI

Tuanze na barua hiyo, maana ndiyo hufanya hasara ya kwanza hata kabla mtu hajapanda basi.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema kwamba mwajiri akiondoa nafasi ya kazi, hiyo ni kupunguza wafanyakazi. Anapaswa kukiarifu chama na ofisa wa leba mwezi mmoja kabla. Anapaswa kulipa notisi, kulipa siku za likizo zilizobaki, na kulipa mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka mzima uliofanya kazi.

Tuchukue mfano wa fundi aliyefanya kazi miaka 12, mwenye mshahara wa shilingi 39,000 kwa mwezi. Tuseme kazi ni siku 26 kwa mwezi, kwa hiyo siku moja ni shilingi 1,500. Siku 15 ni shilingi 22,500. Mara miaka 12 ni shilingi 270,000. Hizo ni fedha zake ikiwa kampuni ndiyo iliyoiondoa kazi yake. Akiandika mwenyewe kwamba ameacha kazi kwa hiari, atakwenda kuzidai kwa karatasi gani? Mwajiri ataonyesha barua yenye sahihi ya fundi, na kazi ya kuthibitisha kwamba alishurutishwa itakuwa ya fundi.

Kwa hiyo, ndugu, usiandike barua ya kuacha kazi ambayo hukukusudia kuacha. Kama kampuni inakutaka ng'ambo ya mpaka, na ikupeleke kama mfanyakazi wake. Ikupe barua inayosema unapelekwa wapi, kwa muda gani, kwa mshahara gani, na kwamba miaka yako ya kazi inaendelea kuhesabiwa. Michango yako ya NSSF iendelee kama kawaida.

Tena sheria hiyohiyo ina sehemu inayohusu mikataba ya kazi ya kufanyika nje ya Kenya. Mkataba wa namna hiyo hutiwa sahihi na pande zote mbili na kushuhudiwa na ofisa wa leba. Ofisa huyo hatoi ushahidi wake mpaka aridhike kwamba mfanyakazi amekubali bila kulazimishwa wala kudanganywa, ameyaelewa masharti, na daktari amempima akaonekana anaiweza kazi. Kumshawishi mtu kwenda nje bila mkataba uliofuata utaratibu huo ni kosa. Karatasi ya kontrakta hupita kando ya ofisi hiyo, kwa sababu haijiiti mkataba wa ajira. Ndiyo sababu moja inapendwa.

HESABU YA FEDHA

Sasa tuhesabu hayo malipo makubwa. Fundi wetu wa shilingi 39,000, akikatwa kodi, NSSF, bima ya afya na ada ya nyumba kwa viwango vya mwaka 2025, alikuwa anapeleka nyumbani kama shilingi 32,100. Kampuni inamwahidi shilingi 60,000 kama kontrakta huko Tanzania. Kwa macho anaona faida ya karibu shilingi 28,000. Tutoe moja moja.

Kwanza, Tanzania hukata kodi ya zuio ya asilimia 15 katika malipo ya huduma yanayolipwa kwa mtu asiye mkaazi. Hizo ni shilingi 9,000, zinabaki 51,000.

Pili, akiba ya uzeeni. Alipokuwa ameajiriwa, yeye alitoa asilimia 6 na mwajiri akatoa asilimia 6 nyingine, yaani shilingi 2,340 kila upande. Sasa hana upande wa pili. Akitaka uzee wake usirudi nyuma lazima aweke zote mbili, shilingi 4,680. Zinabaki 46,320.

Tatu, likizo. Sheria ya Kenya inampa mfanyakazi siku 21 za kazi kila mwaka zenye malipo. Kontrakta akipumzika halipwi. Siku hizo 21, zikigawanywa katika miezi 12, ni kama shilingi 4,000 kwa mwezi. Zinabaki kama 42,300.

Sasa faida imeshuka kutoka 28,000 hadi kama 10,000. Katika hizo atoe kodi ya chumba ugenini wakati mke na watoto wanalipa kodi nyumbani. Atoe nauli ya kwenda na kurudi, matibabu, na gharama za vibali. Kazi ikisimama mwezi mmoja kwa sababu ya mvua au kukosa malighafi, hana mshahara wa kumshika mkono. Na ankara yake ikicheleweshwa miezi miwili, anadai kama mwenye duka anavyodai deni.

Kwa fundi mwingine hesabu inaweza kuwa nzuri zaidi au mbaya zaidi. Tunachosema ni kwamba kila mtu aifanye yake kwa kalamu na karatasi kabla ya kutia sahihi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

MILANGO MIWILI YA JUMUIYA

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki, mtu anavuka tu na kuanza kazi. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa sahihi Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ndani yake mna milango miwili, na haifanani.

Mlango wa kwanza ni wa mfanyakazi. Raia wa nchi mwanachama anaweza kuomba kazi katika nchi nyingine, kufanya mkataba, kukaa huko kwa muda wa mkataba, kuwa pamoja na mwenzi wake na watoto, kujiunga na chama cha wafanyakazi, na kupata haki za hifadhi ya jamii. Kila nchi iliweka orodha ya kazi ilizozifungulia wenzake, na kazi inayozidi siku 90 inahitaji kibali cha kazi.

Mlango wa pili ni wa mtu anayejiajiri. Huyo huenda kama mwenye biashara. Anatazamiwa awe na uandikishaji, leseni na hesabu zake za kodi.

Sasa fundi wetu anayeitwa kontrakta anapitia mlango upi? Wa mfanyakazi hauwezi kumpokea, maana karatasi yake inasema hakuajiriwa na mtu. Wa biashara nao haumpokei, maana hana biashara. Ana mikono yake na ankara. Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inataka kila asiye raia awe na kibali cha kazi, na kwa mtu aliyeajiriwa, mwajiri ndiye anayeomba. Kontrakta hana mwajiri wa kumwombea. Wengi huishia kuingia kwa pasi ya matembezi na kufanya kazi kimyakimya. Siku maofisa wa uhamiaji wanapokuja kiwandani, kampuni husema mtu huyo si wao.

Tena mwezi wa Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Zilikuwamo kutengeneza simu na vyombo vya umeme vya namna hiyo, kufanya usafi majumbani, kununua mazao shambani, na kuendesha viwanda vidogo. Yeyote anayetaka kwenda huko kama mtu wa kujitegemea aulize kwanza kama kazi yake imo katika orodha. Asingoje kuuliza akiwa tayari yuko upande wa pili.

SHERIA HUTAZAMA KAZI ILIVYO

Habari njema ni kwamba jina lililoandikwa juu ya karatasi si mwisho wa mambo. Shirika la Kazi la Kimataifa, katika Pendekezo namba 198 la mwaka 2006, lilisema kwamba uhusiano wa ajira uamuliwe kwa kutazama kazi inavyofanyika na malipo yanavyotolewa, hata kama pande mbili ziliupa jina jingine.

Tanzania imeliweka jambo hili wazi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mkataba uwe wa namna yoyote, ikiwa kuna dalili moja au zaidi katika hizi:

1. Namna anavyofanya kazi inaongozwa na mtu mwingine.
2. Saa zake za kazi zinapangwa na mtu mwingine.
3. Kama anafanya kazi katika shirika au kampuni, yeye ni sehemu ya kampuni hiyo.
4. Amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita.
5. Maisha yake yanategemea malipo ya mtu huyo.
6. Anapewa vyombo vya kazi na mtu huyo.
7. Anamfanyia kazi mtu huyo mmoja tu.

Someni tena orodha hiyo polepole, kila mmoja akijilinganisha. Fundi anayeingia saa moja asubuhi, anayepangiwa kazi na msimamizi, anayetumia spana za kampuni na asiye na mteja mwingine, ana karibu dalili zote saba. Sheria inasema moja yatosha. Kisha ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba mtu huyo si mwajiriwa wake.

Kenya haina orodha ya namna hiyo katika sheria yake, lakini Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi nayo huuliza maswali ya jinsi hiyo: nani anayetoa amri, nani mwenye vyombo, nani anayebeba hasara.

Hata hivyo tusilale kwa sababu sheria ni nzuri. Haki ina muda wake. Katika Tanzania, mtu aliyeachishwa kazi anatakiwa kupeleka malalamiko kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na kwa madai mengine ni siku 60. Aliyerudi nyumbani kungoja simu ya meneja hukuta siku zimekwisha. Tena haki inataka ushahidi, na anayefanya kazi bila kibali huogopa hata kuufikia mlango wa Tume. Ndiyo maana tunasema ni afadhali kukataa karatasi mbaya mapema kuliko kushindana nayo baadaye.

SIKU YA AJALI

Tungeweza kuyavumilia mengine yote kama kusingekuwa na ajali. Sisi tulio viwandani tunaijua mikanda ya mashini, boila na misumeno. Walio mashambani wanazijua dawa na matrekta.

Mfanyakazi aliyeajiriwa Kenya analindwa na sheria ya fidia ya ajali kazini ya mwaka 2007. Akipata ulemavu kamili wa kudumu, hesabu ya fidia hutoka katika mshahara wa miezi 96. Kwa fundi wetu wa shilingi 39,000, hiyo ni hesabu ya shilingi 3,744,000. Tanzania nayo ina sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ambao waajiri ndio wanaouchangia. Sheria zote mbili zinamlinda mtu aliyeajiriwa.

Aliyetia sahihi kwamba ni kontrakta, siku anapokatwa vidole huambiwa kwamba bima ilikuwa juu yake. Huko ugenini hana ndugu wa kumtazama hospitali. Itambidi kwanza athibitishe kwamba alikuwa mwajiriwa, kisha ndipo adai fidia, na yote hayo akiwa na jeraha.

Wazee wetu wanawakumbuka manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Kuanzia mwaka 1944 ofisi iliyoitwa SILABU iliwaandika watu kutoka mikoa ya mbali na kutoka Ruanda-Urundi na Msumbiji. Maisha yao yalikuwa ya dhiki na hakuna mwenye akili atakayeyasifu. Lakini hata manamba alisafirishwa kwa gharama ya waliomwandika, na mkataba ukiisha alirudishwa kwao. Kontrakta wa leo hujilipia nauli ya kwenda, na akiumia hujilipia nauli ya kurudi.

YUKO KONTRAKTA WA KWELI

Haki lazima isemwe. Wako mafundi ambao kujitegemea kunawafaa. Fundi wa kuchomelea mwenye mashini yake, mwenye wateja watatu au wanne, anayetaja bei yake mwenyewe, anayeweza kukataa kazi asiyoitaka na kumtuma msaidizi wake, huyo ni kontrakta wa kweli. Akivuka mpaka akiwa ameandikisha biashara yake, amelipia leseni na ana bima yake, tunamtakia heri. Bei yake iwe imeingiza kodi, likizo, matibabu, uzee na siku zisizo na kazi. Akitoza kiasi cha mshahara tu, anajinyonya mwenyewe.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Kwa kila ndugu aliyewekewa karatasi ya namna hii mezani, tunashauri haya:

1. Usitie sahihi siku hiyohiyo. Chukua nakala, uilete ofisi ya tawi.
2. Omba kupelekwa kama mwajiriwa. Kama kampuni inakataa, iandike sababu zake.
3. Usiandike barua ya kuacha kazi kabla chama hakijahesabu unachodai.
4. Uliza nani anaomba kibali cha kazi, nani anakilipia, na kibali kitakuwa kwa jina gani.
5. Mkataba utaje shilingi ya nchi gani, tarehe ya malipo, nauli ya kwenda na kurudi, bima ya ajali, notisi, na shauri likitokea litasikilizwa nchi gani.
6. Weka hati za mshahara za zamani, amri za kazi, orodha za zamu na ujumbe wa simu kutoka kwa msimamizi. Huo ndio ushahidi wa dalili zile saba.
7. Ukifika, tafuta chama cha huko. Tanzania wako TUICO kwa viwanda na biashara, na TPAWU kwa mashamba. Kwa Uganda, ulizia vyama vilivyo chini ya NOTU.

Kwa anayekwenda Uganda, jambo moja zaidi. Sheria ya NSSF ya huko iliyorekebishwa mwaka 2022 inamtaka kila mwajiri kuchangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja: mwajiri asilimia 10, mfanyakazi asilimia 5. Kwa hiyo mwajiri wa Uganda asikuambie kwamba ni mdogo mno kukuandikisha.

Kwa matawi nako kuna kazi. Mapatano yanapofika wakati wa kujadiliwa upya, tuingize kifungu kinachosema kwamba mwanachama anayepelekwa nchi jirani atabaki mwajiriwa, na miaka yake itaendelea. Vyama vya nchi zetu vina shirikisho lao la EATUC, lenye makao Arusha. Waajiri wamekwisha kujua kufanya kazi kwa kuvuka mipaka. Nasi lazima tupeane habari kwa kuvuka mipaka, ili aliyekuwa mwanachama hapa asifike kule akawa mtu asiye na wake.

Anayesoma amsomee mwenzake asiyesoma. Mwenye karatasi ya namna hii nyumbani ailete tawini wiki hii, hata kama amekwisha tia sahihi.